Je, wajua kwa nini "slim" ni sifa kwa binti na hofu kwa mama yake?

Juzi pale mwalo wa Kirumba, Mwanza, mama muuza dagaa alipokea shikamoo ya binti aliyerudi likizo kutoka chuo. Akaacha kupima sado, akamtazama. "Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivi, unaumwa?"

"Hapana mama, niko slim tu."

Mama hakucheka, na mimi namwelewa.

Kwa Kiingereza, slim ni wembamba unaosifiwa. Thin haisifu wala hailaumu. Hata mchuzi mwepesi na nywele chache huitwa hivyo. Skinny ni mifupa mitupu, na mwenyewe anaweza kuudhika. Nafasi finyu ya kufaulu nayo ni slim.

Kiswahili kinagawa kwingine. Mwembamba ni umbo la mtu. Aliyekonda kuna kitu kimemtoka, kwa hiyo sababu lazima iulizwe. (Wenye kuchunga maneno husema "umepungua".)

Lakini kando ya ziwa kuna zaidi. Mwaka 1982, huko Kasensero, kijiji cha wavuvi upande wa Uganda, watu walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana: homa, kuhara wiki hadi wiki, mwili ukiisha mpaka nguo zinamvuka mtu. Wakauita slim, na Kiganda kikalifanya siliimu. Mwaka 1985 madaktari walipoueleza katika jarida la Lancet, walitumia jina hilohilo la wananchi. Kwetu, wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu wakauita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Jina UKIMWI lilikuja baadaye. Aliyekuwa msichana miaka ile alizika jirani, akazika na ndugu, na dalili aliyoiona kwanza kwa kila mmoja ilikuwa kukonda.

Linalonishangaza ni asili ya neno lenyewe. Waingereza walilichukua kwa Waholanzi karne ya 17, na huko lilimaanisha kitu kibaya au kilichopinda. Wajerumani mpaka leo wanasema schlimm kwa jambo baya. Wavuvi wa Kasensero, bila kujua, walilirudishia ubaya wake wa zamani.

Siku hizi anayemeza ARV kila siku hubaki na mwili wake, na huwezi kumjua kwa macho. Hayo binti alimweleza mama taratibu, huku akimsaidia kufunga dagaa.

"Sawa," mama akasema. "Lakini leo utakula ugali mbele yangu."