Je, wajua kwa nini dinosaria mmoja wa Tanzania anaitwa Shingopana?

Mpwa wangu yuko darasa la sita hapa Tabora. Majuzi alirudi shule na neno moja tu kichwani: Shingopana. Mwalimu wao alilitaja, darasa zima likacheka likidhani ni jina la utani la mtu. "Mjomba, dinosaria si wana majina ya Kizungu? Huyu nani kampa Kiswahili?"

Jina ni la kweli, tena la kisayansi tangu mwaka 2017. Kwa ukamilifu wake ni Shingopana songwensis. La kwanza ni shingo pana, maneno mawili yaliyounganishwa. La pili linasema katoka Songwe. Mifupa yake iligunduliwa mwaka 2002 katika miamba ya mchanga ya bonde la Rukwa. Hakupatikana mzima: zilibaki pingili za shingo, mbavu na vipande vingine vichache. Lakini shingo ilitosha. Kila pingili ina kimwiba cha mfupa kinachosimama juu yake, na kwa mnyama huyu vimwiba hivyo vimetanuka isivyo kawaida. Mifupa yenyewe ina vitundu vilivyotobolewa na wadudu baada ya mnyama kufa. Mimi hilo hunigusa kuliko ukubwa wake, maana ni kama kuona mzoga ulivyolala porini, mamilioni ya miaka kabla ya kuwepo mtu wa kuutazama.

Jirani yake anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Soma polepole: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Mtuka ni mto wa huko huko kusini-magharibi, na mifupa yake ilionekana mwaka 2004 juu kwenye ukuta wa kingo zake, mahali pa kufikia kwa kamba. Kuichimba kuliendelea hadi 2008, na jina likatangazwa 2019. Ili mpwa wangu aelewe huo "moyo", nilimpeleka buchani nikaomba kipande cha mkia wa ng'ombe kilichokatwa penye kiungo. Uso wa pingili ni duara, karibu kama sarafu. Kwa yule wa Mtuka, pingili za katikati ya mkia zimetanuka juu pande zote mbili na kuchongoka chini: umbo la moyo kabisa, kama watoto wanavyouchora kwenye madaftari.

Swali lililofuata nililitarajia. Mbona hatuchimbi hapa? Basi tazama majabali ya Tabora. Hiyo ni matale, jiwe lililotokana na uji wa moto uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Dinosaria walikuja baadaye sana, na walikwisha miaka milioni 66 iliyopita, ukiwatoa ndege ambao ni uzao wao. Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika ndani ya jiwe, kinataka mzoga ufunikwe na tope au mchanga, kisha mchanga huo ugeuke jiwe. Kigoma wenzetu wamo katika mkono ule ule wa magharibi wa bonde la ufa uliomo Rukwa, ila Ziwa Tanganyika lenyewe bado ni changa, halikuwepo enzi za dinosaria.

Turudi kwenye jina. Anayemtambulisha mnyama mpya kwa maandishi ya kisayansi, akaonyesha mifupa inayomtofautisha na wengine, ndiye mwenye haki ya kumpa jina. Sheria inataka herufi za Kilatini na jina ambalo halijatumiwa kwa mnyama mwingine. Lugha yoyote inaruhusiwa. Mwaka 1908 Mjerumani Eberhard Fraas aliwaita dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, Gigantosaurus, kumbe jina hilo lilikwisha kutumika Uingereza. Likabidi libadilishwe.

Hapo Tendaguru ndipo uchungu ulipo. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua walifukua zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, wakabeba mizigo hiyo kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Iko huko hadi leo. Majina waliyopewa wanyama wale yalikuwa ya nani? Mmoja, Dysalotosaurus lettowvorbecki, alipewa mwaka 1919 jina la jemadari aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika vita ile ile iliyofika hapa Tabora, mji ulipotekwa na Wabelgiji Septemba 1916.

Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji na fundi mkuu wa kusafisha mifupa, alisubiri karibu miaka 100 jina lake lipewe mnyama. Mwaka 2007 ndipo mmoja wa wanyama wale alipoitwa Australodocus bohetii. Halafu 2019, mkia mmoja uliokuwa umehesabiwa muda mrefu kuwa wa mnyama mwingine ukatambuliwa kuwa wa peke yake, ukaitwa Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, wenyeji wa Lindi.

"Na keranjei?" aliuliza mpwa wangu. Ni Mohammadi Keranje, msimamizi wa kundi lililoufukua mkia huo. Ile i ya mwisho ni ya Kilatini, maana yake "wa Keranje".