Bei ya Mnada na Bei ya Mkononi: Uzushi Unapopata Mlango

Watu wa mjini wakizungumzia habari za uongo, wanawaza akili mnemba na video za viongozi zilizotengenezwa kwa kompyuta. Huku Mtwara, ninakofundisha waandishi wa redio za kijamii, uongo unaosumbua zaidi hauna ufundi kiasi hicho. Ni sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp, ya mtu asiyejitaja jina, akisema chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kimekula hela za wakulima.

Na mara nyingi redio ndiyo iliyomfungulia mlango.

Mnada wa korosho ukifanyika Newala au Tandahimba, taarifa ya habari ya jioni hutangaza bei ya juu na bei ya chini, basi. Mkulima anapiga hesabu: kilo zake mara bei aliyoisikia. Hela ikiingia benki, imepungua. Huenda hakuna aliyeiba. Kuna ushuru, kuna makato ya chama cha msingi na chama kikuu, kuna ghala na usafiri. Lakini hayo hakuambiwa, na anayewahi kumwambia sasa ni yule wa WhatsApp. Kila kilichosomwa redioni kilikuwa kweli, na bado kimezaa uongo.

Kwa hiyo huwa nawasisitizia: bei ya mnada isiende hewani bila makato yake. Mpigie katibu wa AMCOS, mwombe akusomee karatasi ya makato mstari kwa mstari, ndipo utangaze bei ya mkononi. Na kama wizi upo kweli (upo, tusidanganyane), ni humo humo kwenye karatasi utakapouona, kwenye ule mstari ambao katibu anaanza kujikanyaga kuueleza.

Gharama ya watu kukosa majibu tunaijua. Mei 22, 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni Dodoma, na bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam likawa halina mjadala tena. Mtwara ikachafuka. Watu walikufa, ofisi na nyumba zikachomwa moto, jeshi likaingia mtaani. Swali la wananchi halikuwa uzushi. Gesi ya Mnazi Bay, huku huku Mtwara, iligunduliwa 1982, nao walitaka kujua itawaachia nini. Swali lisipojibiwa kwa muda mrefu hugeuka kambi: huku wachochezi, kule wasaliti, na mwandishi anaulizwa yuko upande gani kabla hajafungua daftari. Matangazo ya "tudumishe amani" yanayopigwa kila nusu saa sijaona yakimtuliza mtu mwenye swali.

Klipu za mpakani zina namna yake. Tangu mashambulizi ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze Oktoba 2017, na zaidi baada ya kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mpaka, kushambuliwa Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, video ya ng'ambo ya Ruvuma inaweza kukufikia ikiwa imebandikwa jina la kijiji chetu. Tazama namba za vyombo kwanza: pikipiki ya kwetu huanza na MC, gari la mtu binafsi na T. Sikiliza kama wanaongea Kireno. Kisha mpigie mtendaji wa kijiji kinachotajwa. Ukikanusha, anza na kilicho kweli, maana aliyewasha redio katikati ataondoka na sentensi ya kwanza atakayoikuta.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo inaipa ofisi hadi siku 30 kujibu ombi. Siku thelathini! Uvumi hutoka Masasi ukafika Kilwa kabla chai haijapoa. Na intaneti ilipozimwa Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, sikuona uvumi ukizimika nayo. Kilichozimika ni uwezo wa mwandishi kutafuta picha ilitoka wapi.

Midahalo ya wagombea ndiyo inayonitia moyo, ikiongozwa vizuri. Usimuulize mgombea udiwani anaipenda vipi kata yake. Kampuni za gesi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato yao. Muulize kwa mwaka uliopita zilipokelewa shilingi ngapi, na zilijenga nini, wapi. Mpe dakika mbili. Mpinzani wake mpe swali lile lile na dakika zile zile, ukiwa na taarifa ya mapato na matumizi mkononi. Baada ya hapo fungua simu. Nimewasikia wasikilizaji wa vyama viwili wakikoromeana hewani, si kwa rangi za fulana, bali kama zahanati iliyotajwa imeezekwa au bado.