Kifafa kutulia si kifafa kupona

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii Siyu, kisiwani Pate, na kwa furaha ileile: "Daktari, kijana mzima sasa. Tumempumzisha dawa." Mama akafungua kasha, akanitolea fundo la leso. Ndani mna vidonge 23 vya fenobabitoni, dawa ya kifafa, ambavyo vilitakiwa viwe vimekwisha.

Jamani, kutulia si kupona. Dawa ya malaria huua vimelea, kazi ikaisha. Ya kifafa haiui kitu. Inatuliza umeme wa ubongo kwa muda ule tu unaoendelea kuimeza. Miezi 6 bila kuanguka ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Ukiikata ghafla, ubongo uliokwisha kuizoea unaweza kulipukwa na degedege la kupita dakika 5, au moja juu ya jingine pasipo fahamu kurudi. Hilo huua, na boti ya kwenda Amu, mji wa Lamu, kupitia mkondo wa bahari wa Mkanda, hungoja maji yajae.

Povu la anayeanguka haliambukizi. Kijiko hakitiwi mdomoni. Mlaze ubavu, tazama saa. Anayeamini ni jini simgombezi: asomewe, na kidonge ameze.

Ramadhani pia isiwe sababu. Kidonge cha usiku hakigusi saumu. Kinachoangusha watu mwezi ule ni kukesha barazani toka tarawehe hadi daku. Usingizi ukikatika, kifafa hupata mlango.

Mwongozo unasema baada ya miaka 2 bila kuanguka, daktari anaweza kuanza kupunguza dawa, polepole, kwa miezi. Hapa nasitasita. Mashine ya kupima umeme wa ubongo sijapata kuiona kisiwani humu, na kijana mwenyewe ni mvuvi. Anayeanguka uani huinuka. Anayeanguka majini je?

Nikamuuliza mama taratibu, tangu lini? Furaha ikapungua. Zahanati dawa ziliisha, nauli ya kwenda Amu na kurudi ni pesa ya chakula, basi akawa anampa leo, kesho anaruka, ili visiishe upesi. Kijana hakuanguka. Ndipo akasema amepona.

Nikampigia afisa wa kliniki palepale. Usiku ule, baada ya isha, kijana alimeza kimoja mbele ya mamake. Vikabaki 22.