Dhana potofu kuhusu fanksheni na uhusiano usio fanksheni

Wanafunzi wengi hukariri fasili bila taabu: uhusiano, yaani namna ya kuoanisha vinavyoingia na vinavyotoka, ni fanksheni pale ambapo kila kinachoingia kinapata jibu moja, na moja tu. Wakipewa jedwali au grafu, hata hivyo, hukosea, na kwa maoni yangu makosa mengi yana chanzo kimoja, yaani swali linaulizwa upande wa kinachotoka badala ya upande wa kinachoingia.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba vitu viwili tofauti vikipata jibu lilelile, uhusiano huo si fanksheni. Tazama jinsi tunavyotaja saa. Chukua saa zote 24 za siku nzima kuwa vinavyoingia, na namba tunazozitaja, 1 hadi 12, kuwa vinavyotoka. Saa 2 asubuhi hutoa 2, na saa 2 usiku hutoa 2 ileile. Hiyo ni fanksheni halali, kwa kuwa hakuna saa hata moja ya siku inayotoa namba mbili. Sasa geuza: anza na namba 2, uulize ni wakati gani. Majibu ni mawili, na ndiyo maana mtu akikuahidi kuja "saa 2" tu, unalazimika kumwuliza kama ni asubuhi au usiku. Uhusiano uliogeuzwa hivyo si fanksheni. Kwa sababu hiyohiyo y = x² ni fanksheni ya x ingawa 3 na −3 zote hutoa 9, na y = 5 nayo ni fanksheni, japo x haionekani popote ndani yake: kila x hupata 5.

Kwenye grafu kosa hili hujitokeza pale mwanafunzi anapochora mstari mlalo, akaona unakata mchoro mara mbili, kisha akaukataa. Kipimo cha fanksheni ni mstari wima: ukikata mchoro zaidi ya mara moja, kuna x yenye majibu zaidi ya moja. Mstari mlalo hujibu swali lingine, kwamba je, uhusiano huo ukigeuzwa utabaki kuwa fanksheni? Duara la x² + y² = 25 huanguka kwenye kipimo cha wima, kwa sababu mstari unaopita x = 3 hulikata kwenye (3, 4) na tena kwenye (3, −4).

Hapo huzuka dhana nyingine, nayo ni ngumu kung'oa: kwamba y = √(25 − x²) pia si fanksheni, kwa kuwa kipeuo cha pili "kina majibu mawili". Ni kweli kwamba mlinganyo y² = 16 una majibu mawili, 4 na −4. Lakini alama √ imekubaliwa kumaanisha kile kisicho hasi pekee, kwa hiyo √16 ni 4 basi. Mlinganyo y = √(25 − x²) huchora nusu ya juu ya duara, na nusu hiyo ni fanksheni.

Wapo pia wanaoamini kwamba pasipo fomula hakuna fanksheni. Mwanahisabati Euler mwenyewe, mwaka 1748, aliieleza fanksheni kuwa usemi wa kihisabati. Lakini mwaka 1829 mwanahisabati mwingine, Dirichlet, alitoa mfano unaopokea kila namba halisi, yaani namba yoyote iliyo kwenye mstari wa namba: ikiwa inaweza kuandikwa kama sehemu, mfano 1/2, jibu ni namba moja, tuseme 1, ikiwa haiwezi, mfano √2, jibu ni nyingine, tuseme 0. Grafu yake haiwezekani kuchorwa kwa kalamu, lakini kila namba ina jibu moja, na hilo latosha.

Sharti linalosahaulika ni kwamba kinachoingia kisikose jibu. Kanuni y = 1/x, ikisemwa kuwa inahusu namba halisi zote, haitimizi fasili kwa sababu 0 haina jibu. Ukiiondoa 0 katika seti ya vinavyoingia, kanuni ileile inakuwa fanksheni, kwa hiyo huwezi kutoa hukumu kabla hujajua seti hiyo ni ipi.