Katarakti za Mto Nile: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Katarakti ni maporomoko makubwa, maji yakianguka kutoka kwenye genge refu.

Ukweli: Kati ya Aswan na Khartoum, Nile ina katarakti 6 na hakuna hata moja ya namna hiyo. Mto unapita kwenye mawe laini ya mchanga, kisha unakutana na mwamba mgumu usioukubali. Maji yanagawanyika, yanakimbia kwa povu katikati ya visiwa na majabali, na chombo hakipiti salama. Farao Senusret III, akipeleka majeshi kusini kupigana na Kushi, ufalme uliokuwa Sudan ya leo, alifungua mfereji pale Aswan, na vipimo vyake vikachongwa kwenye jabali la kisiwa cha Sehel: urefu dhiraa 150, upana 20, kina 15. Kazi hiyo yote ni kwa sababu ya mawe ndani ya maji, wala si genge.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, lenye maana ya kitu kinachoshuka kwa kishindo. Liliitwa hivyo pia lango zito la ngome linaloangushwa ghafla kumzuia adui. Na pale ambapo Biblia yetu inasema madirisha ya mbinguni yalifunguka (Mwanzo 7:11), Biblia ya kale ya Kigiriki inatumia neno hilohilo. Ndiyo maana kulibana kwenye maporomoko peke yake ni kulipunja.

Dhana: Mtoto wa jicho huitwa katarakti kwa Kizungu kwa kuwa weupe wake unafanana na povu la mto.

Ukweli: Matabibu walioandika kwa Kiarabu waliuita ugonjwa huo kushuka kwa maji, wakiamini kuna ute unaoteremka kutoka kichwani hadi jichoni. Constantinus Africanus, aliyefasiri vitabu vyao kwa Kilatini karne ya 11, akachagua neno la mto. Leo tunajua hakuna kinachoteremka. Ni lenzi yenyewe inayoingia ukungu.

Dhana: Katarakti ya 1 ndiyo maji hukutana nayo kwanza.

Ukweli: Ni kinyume. Waliohesabu walitokea Misri wakipanda mto, kwa hiyo maji huanza na ya 6, Sabaloka, kaskazini ya Khartoum, na kumaliza na ya 1, Aswan. Njiani siku hizi hayazikuti zote: ya 2 imezama chini ya Ziwa Nasser, na ya 4 imefunikwa na bwawa la Merowe lililozinduliwa 2009.