Trekta lililopita mikono mingi: dhana na ukweli

Ukinunua Massey Ferguson 135 huku kwetu Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, umenunua pamoja na yote waliyoyafanya wenyewe waliotangulia. Trekta hili lilianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 lilikuwa limeacha kutoka kiwandani humo. Langu lilinifikia Igurusi likiwa limelima mahindi Ismani, limevuta magogo Mafinga, kisha limeingia mpunga wa Usangu. Kila lilikopita liliongezwa kitu au kupunguzwa kitu. Nimesikia mengi yakisemwa juu ya hayo mabadiliko, na mengine yanaua watu.

"Themostati ni ya Ulaya, huku haina kazi."

Nilipofungua pale themostati inapokaa, nilikuta patupu. Anayesema huku hakuna baridi hajawasha injini alfajiri Njombe mwezi wa saba. Halafu themostati haiko pale kupoza injini. Inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nyuzi 80 hivi. Dizeli ikichomwa kwenye injini baridi haiungui yote. Inayobaki huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuchanganyika na oili, na ringi za pistoni zinalika kabla ya wakati wake.

Aliyeitoa alikuwa na sababu: trekta lilikuwa linachemsha. Lakini lilichemsha kwa nini? Tulipoivua rejeta na kuimulika na tochi, mwanga haukupita. Makapi ya mpunga yalikuwa yameshikana na vumbi na oili mpaka yakawa kama tofali. Tuliloweka, tukapiga maji kutoka nyuma kwenda mbele, tukazibua pia mirija yake ya ndani, kisha tukafunga themostati mpya. Tangu siku hiyo mshale wa joto haujapanda kupita katikati, hata nikilima saa nane mchana. Hapo nilijifunza kwamba kitu kilichotolewa kwenye trekta kuukuu mara nyingi kinaonyesha ugonjwa ulioachwa bila kutibiwa.

"Moshi mweusi ndiyo nguvu yenyewe."

Pampu ya dizeli hufungwa kwa waya na lakiri ili skrubu ya kiwango cha mafuta isichezewe. Yangu ilikuwa imefunguliwa. Mtu aliongeza dizeli akitafuta nguvu. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Injini hii haina tabo ya kuisukumia hewa, inavuta hewa kwa pistoni zake tu. Ukiizidishia dizeli ambayo hewa yake haipo, unapata moshi, joto na bili ya mafuta. Anza na chujio la hewa, lile bakuli la oili: langu lilijaa tope la vumbi la Usangu. Kisha angalia nozeli zinazonyunyiza dizeli. Pampu yenyewe ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia, usiikisie kwa sikio.

"Kuwasha kwa bisibisi ni njia ya mkato tu."

Hapa naomba tuelewane vizuri. Kiwandani, trekta hili liliwekewa swichi ya usalama: wenzo wa gia kubwa na ndogo usipokuwa katikati, stata haipati umeme. Kwenye langu, waya ulitoka betri ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kubonyeza kando ya injini. Maana yake unasimama chini, kati ya tairi la mbele na la nyuma, unabonyeza, na kama gia imeingia, trekta linaondoka. Tairi la nyuma linakukuta hapo hapo uliposimama. Wanaogusanisha vichwa vya stata kwa bisibisi wako kwenye hatari hiyo hiyo.

Nilifuata nyaya za zamani kwa kidole mpaka juu ya gia boksi. Swichi ilikuwa nzima. Kilichokatika ni kichwa cha waya mmoja, kazi ya dakika kumi. Kwa ajili ya dakika hizo kumi, sijui ni vijana wangapi walisimama mbele ya lile tairi.

"Trela likifungwa juu, trekta linakamata ardhi vizuri."

Nyuma ya kiti palichomelewa chuma cha kufungia trela, juu kabisa ya ekseli. Mzigo ukivutwa kutoka juu ya ekseli, pua ya trekta inanyanyuka, na kwenye mlima linapinduka kinyumenyume likiwa na dereva, kabla hajawahi kukanyaga klachi. Tulikikata siku ile ile. Trela linafungwa chini, basi.

"Kila usichokielewa ni uharibifu."

Rimu za nyuma zilionekana zimefungwa kinyume, nikaambiwa nizigeuze. Kumbe zimeundwa zigeuzwe, ili upana kati ya matairi upanuke au upungue kwa hatua za inchi 4 kulingana na mistari ya mazao. Maji ndani ya tairi nayo ni uzito wa kuzuia kuteleza. Altaneta badala ya dinamo ni badiliko jema, mradi uhakikishe upande upi wa betri umeungwa kwenye bodi la trekta.

Kilichonisumbua zaidi ni kibomba kifupi kilichochomelewa kwenye madigadi ya kushoto, hakiingii waya wala mpira. Siku moja mzee mmoja wa Ismani alipita shambani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akaingiza kidole kwenye kibomba. "Hapa ilikuwa mwamvuli. Jua la kule unalijua."

Nikaweka grenda chini.