Visikilizi vya Bluetooth havikaangi ubongo

Ujumbe unaozunguka miaka yote kwenye magrupu unadai visikilizi visivyo na waya hukaanga ubongo kama maikrowevu. Si kweli. Watu huchanganyikiwa kwa sababu vyote hutumia mawimbi ya takriban gigahezi 2.4. Lakini maikrowevu hutumia mamia ya wati. Visikilizi hutoa miliwati chache tu. Jaribu mwenyewe: acha simu sebuleni, nenda uani. Kuta mbili tu, muziki unakatika.

Kinachoharibu masikio ni sauti kubwa ya muda mrefu. Hapo kipengele cha kuzuia kelele za nje, kilichopo kwenye baadhi ya visikilizi, kinasaidia, maana hata ndani ya daladala huna haja ya kuongeza sauti. Ila ukishuka kizime, usije ukakosa honi ya bodaboda. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.